Asilimia ya Awamu ya S: Kipimo au Makadirio?

Miongoni mwa walimu wa sayansi hapa Unguja nimesikia hoja mbili kuhusu namna ya kumfundisha mwanafunzi kuchambua mzunguko wa seli kwa data za saitometria ya mtiririko, yaani mbinu ya kupima mwanga wa seli moja moja zinapopita mbele ya leza. Seli ya G1, awamu ya kabla ya kunakili DNA, ina nusu ya DNA ya seli iliyofika G2, awamu ya baada ya kunakili, na seli za awamu ya S, ambazo bado zinanakili DNA yao, zimo katikati. Kwa hiyo histogramu ya mwanga wa rangi iliyoshika DNA huwa na vilele viwili na bonde baina yao, na mabishano yote yamo katika bonde hilo.

Upande mmoja hutetea modeli ya Dean na Jett ya mwaka 1974, aliyoiendeleza Fox mwaka 1980, ambayo huipa S umbo la hisabati lililopangwa kabla, na hivyo hutoa jibu tulivu hata data zikiwa na kelele. Upande wa pili hupendelea njia ya Watson ya mwaka 1987, isiyoipangia S umbo lolote. Hoja yao ina uzito, kwani seli zilizotiwa dawa ya kuzuia unakili hurundikana mwanzoni mwa S, na mkunjo laini huenda usiufuate vizuri mrundikano huo.

Hata hivyo, naona pande zote mbili zinapuuza upana wa vilele. Tuseme kwenye mhimili wa mwanga kilele cha G1 kiko kwenye 200 na cha G2 kwenye 400. Mgawo wa mtawanyiko, yaani mkengeuko sanifu wa kilele ukigawanywa kwa wastani wake, ukiwa asilimia 3, na tukihesabu mikengeuko sanifu miwili kila upande, eneo la S lililo wazi ni kuanzia 212 hadi 376. Ukiwa asilimia 8, linabaki 232 hadi 336 tu. Hapo sehemu kubwa ya S ni makadirio ya modeli, iwe ya Fox au ya Watson. Zaidi ya hayo, seli mbili za G1 zilizogandana hung'aa sawa na seli moja ya G2, na zisipochujwa mapema hakuna kati ya modeli hizi mbili itakayozitambua.

Jambo hili linamgusa zaidi mwanafunzi wetu anayetumia mafaili yaliyowekwa wazi na watafiti wa ng'ambo, kwa kuwa hawezi kuzipaka rangi upya seli hizo wala kuipima S moja kwa moja kwa BrdU, kemikali inayoingia katika DNA inayonakiliwa. Namshauri azitumie modeli zote mbili, na zikitofautiana sana aandike majibu yote mawili pamoja na mgawo wa mtawanyiko wa G1.