Steaua: jeshi lilishinda kesi, timu ikakwama daraja la pili

Desemba 2014, mabingwa wa Romania waliingia uwanjani jijini Bucharest kucheza na timu ya Iași wakiwa hawana jina. Ubao wa matokeo uliandika "Wenyeji" upande mmoja na CSMS Iași upande wa pili, na pale nembo ya wenyeji inapokaa palikuwa patupu. Walivaa njano, maana nyekundu na bluu walishakatazwa. Siku chache kabla, mahakama ya juu ya nchi ilikuwa imeamua kwamba bwana aliyekuwa akiimiliki timu hiyo, Gigi Becali, hana haki ya kutumia alama ya Steaua. Mwenyewe ni Wizara ya Ulinzi.

Nilishangilia uamuzi ule. Bado naamini ulikuwa wa haki. Ninachokasirikia ni kilichofuata, na safari hii lawama nawatupia wenye magwanda.

Kwa vijana ambao Steaua wanaisikia kwa wazee tu: hii ni klabu iliyoanzishwa na jeshi la Romania mwaka 1947. Tarehe 7 Mei 1986, kule Sevilla, iliifunga Barcelona fainali ya Kombe la Ulaya la vilabu, ambalo leo ni Ligi ya Mabingwa. Dakika 120 bila bao, uwanja mzima ukiwa wa Wahispania, kwa sababu serikali ya Ceaușescu, dikteta wa Romania zama zile, haikuwa ikiruhusu raia wake kusafiri ovyo. Zikaja penalti. Steaua wakakosa ya kwanza, wakakosa na ya pili. Timu yoyote hapo inakuwa imeshajifia, lakini golini alikuwepo Helmuth Duckadam, jitu la masharubu, akazidaka na kuzipangua zote nne za Barcelona: Alexanko, Pedraza, Pichi Alonso, Marcos. Lăcătuș akafunga, Balint akafunga, 2-0, kwisha habari. Hakuna klabu ya Ulaya Mashariki iliyokuwa imewahi kulibeba kombe lile. Miezi michache baadaye Duckadam akapata tatizo la damu kuganda mkononi, na soka lake la juu likaishia hapo.

Kuanzia 1986 hadi 1989 walicheza mechi 104 za ligi bila kupoteza. Sitaki kuwapaka asali: zama zile jeshi lilikuwa na mkono mrefu, mtoto wa Ceaușescu alikuwa mlezi wa timu, na fainali ya Kombe la Romania la 1988 dhidi ya Dinamo, baada ya bao la Steaua la dakika za mwisho kukataliwa, Steaua walitoka uwanjani na bado kombe wakapewa wao. Dinamo, ambao walikuwa wa wizara ya mambo ya ndani, nao hawakuwa malaika.

Mwaka 1998 soka lilitengwa na klabu ya jeshi, likawekwa chini ya chama binafsi. Mwaka 2003 Becali akaishika timu. Huyu ni mtu aliyetoka kwenye ukoo wa wafugaji wa kondoo, akatajirika kwa viwanja, na 2013 akafungwa jela kwa kesi ya kubadilishana ardhi na nani? Na Wizara ya Ulinzi hiyohiyo. Jeshi lilifungua kesi ya alama 2011, na hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka hata kijiweni: tuliwaachia mpira, jina hatukuwauzia. Mwaka 2017 timu ya Becali ikalazimika kujiita FCSB, na jeshi likafufua timu yake, CSA Steaua, ikaanzia daraja la nne, ligi ya jiji la Bucharest. Lăcătuș, yule mfungaji wa Sevilla, akaenda upande wa jeshi. Duckadam alikuwa upande wa Becali, sura ya klabu kwa miaka kadhaa. Mashujaa wa usiku mmoja, kambi mbili. Mashabiki nao wakagawanyika vivyo hivyo, sehemu ya wale wakorofi wa jukwaa la kusini ikafuata jeshi.

Na walifuata kwelikweli. Aprili 2018 Steaua ilicheza na Academia Rapid, watani wengine wa Bucharest waliokuwa wamefilisika na kuanza upya chini. Mechi ya daraja la nne, ikapelekwa uwanja wa taifa, wakaja watu zaidi ya 36,000. Zipo ligi kuu nyingi Ulaya ambazo kwa umati kama huo zingefunga barabara. Rapid ndio waliopanda msimu ule. Steaua walisota mpaka 2020 kuingia daraja la tatu, na 2021 wakaingia la pili. Mwaka huohuo uwanja mpya ukafunguliwa Ghencea, mahali ulipokuwa ule wa zamani, viti zaidi ya 31,000, umejengwa kwa fedha za serikali.

Basi mtu wa kawaida ungetarajia hatua inayofuata ni ligi kuu. Haipo. CSA Steaua ni taasisi ya umma iliyo chini ya wizara, na kwa sheria ya michezo ya Romania klabu ya namna hiyo haina nafasi kwenye ligi kuu ya kulipwa. Kwa hiyo kila msimu timu inapigania nafasi za juu huku kila mtu akijua haipandi, na ikikaa kwenye nafasi ya kupanda, nafasi inasogezwa kwa aliye chini yake. Hebu jiweke kwenye viatu vya beki wa timu hii mwezi wa nne: mguu unauma, kocha anakuomba umalizie dakika ishirini, na pointi tatu mnazozitafuta hazina mahali pa kuwapeleka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema "sheria ni sheria, tatizo ni bunge". Sheria ni mbovu, nakubali. Kwetu huku hakuna anayeshangaa kuona JKT Tanzania na Mashujaa kwenye Ligi Kuu, Ulinzi Stars wamebeba ubingwa wa Kenya mara nne, na APR ya Rwanda ni jeshi na ndiyo baba lao. Ila jeshi la Romania lilikuwa linaijua sheria hiyo tangu mwanzo. Liliijua lilipokwenda mahakamani, liliijua lilipoisajili timu daraja la nne na kuwauzia tiketi vijana waliolia kwa furaha siku ile nembo iliporudi. Lilikuwa na muda wote wa kuanzisha kampuni au chama ambacho kingeshika timu ya wakubwa, huku jina likibaki mali ya jeshi kwa mkataba wa maandishi, wenye masharti na tarehe ya kuisha. Kilichowaponza 1998 ni kuachia jina kienyeji. Dawa yake ni karatasi iliyoandikwa vizuri. Kukataa kabisa kuandikiana ni kitu kingine.

Nawaelewa wanaoogopa. Wanasema ukifungua mlango kidogo, Becali mwingine ataingia. Inawezekana, na soka la Romania limejaa matajiri waliokuja na magari meusi wakaondoka wameacha madeni. Lakini hofu hiyo ingekuwa na uzito kama jeshi lingewapa mashabiki wenyewe sehemu ya umiliki na kura. Kule Timișoara mashabiki walijitengenezea timu yao baada ya klabu waliyoipenda kuvurugwa na wenye pesa, na wakaifikisha daraja la pili. Kwa hiyo watu wa kubeba mzigo Romania wapo. Wasiopo ni maofisa walio tayari kugawana usukani.

Upande wa pili, Becali anakula raha. Timu yake isiyo na jina la maana imechukua ubingwa 2024 na 2025. UEFA kwenye kumbukumbu zake inaendelea kuliweka kombe la 1986 upande wa FCSB, ingawa mahakama za Romania zimeipa CSA historia ya miaka ya kabla ya 1998. Na kilele cha vituko: FCSB wameshaanza kucheza mechi za nyumbani palepale Ghencea, kwenye uwanja wa jeshi. Wizara iliyopigana miaka kumi kumwondoa Becali kwenye jina sasa inamfungulia geti.

Simlaumu Becali kwa hili. Anatafuta uwanja wa kuchezea, anaulipia, anaondoka. Ninayetaka anijibu ni jenerali anayesaini ule mkataba wa uwanja. Kama kuna wanasheria wa kuandaa masharti ya kumruhusu hasimu wenu atumie nyasi zenu, masharti ya kuipandisha timu yenu yanawashinda nini? Duckadam alifariki Desemba 2024. Wachezaji wa Sevilla wanazidi kupungua, na timu iliyobeba jina lao rasmi bado iko daraja la pili, msimu mwingine tena, inacheza kwenye uwanja ambao majukwaa mengi huwa matupu.