Lami Pekee Haitoshi, Tunataka Gari Lenye Saa Yake

Kila uchaguzi ukikaribia, sisi wa Nyanza tunaahidiwa lami. Lami ni nzuri, nani ataikataa? Lakini mama wa Nyakach mwenye mtoto mgonjwa anahitaji gari la kumfikisha Kisumu, na zaidi ya hapo anahitaji kujua gari hilo litaondoka saa ngapi.

Hapo ndipo tunapoumia. Matatu ya abiria 14 haiondoki mpaka ijae. Asubuhi pale stejini Katito watu kumi wameshaketi, injini inanguruma, makanga anaita "Kisumu wawili, wawili twende!" na viti vinne bado viko wazi. Mama anabembeleza mtoto. Akifika kliniki, foleni imeshatoka nje ya mlango, na pengine ataambiwa arudi kesho, nauli imeenda bure. Dereva simlaumu. Ana mafuta ya kununua, na jioni mwenye gari anangoja pesa yake.

Sasa nenda Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Feri ya kuvuka hadi Luanda Kotieno ina ratiba, na watu wamepanga maisha yao kwa ratiba hiyo. Muuza samaki anajua ana muda gani wa kununua ufuoni, kupanga beseni lake na kuwahi gatini. Ng'ambo bodaboda wamejipanga, chai na mandazi viko tayari, matatu za Bondo zinajua abiria watashuka lini. Samaki hangoji mtu. Jua likipanda, bei inashuka. Bila feri, mama huyo angeizunguka Ghuba ya Winam nzima kupitia Homa Bay, Kendu Bay na Kisumu, na faida ingeishia kwenye nauli.

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya usafiri wa umma barabarani pamoja na feri. Basi kaunti zikae na sako za matatu, yaani vyama vya ushirika vya wenye magari. Safari ya kwanza ya alfajiri na ya mwisho ya jioni kutoka steji ndogo iondoke kwa saa, gari lijae lisijae, na kaunti ilipie viti vilivyobaki au imsamehe mwenye gari ada ya steji. Ningeanza na njia za hospitali za rufaa. Kisha siku za soko, hasa Jumapili ya soko la Kibuye mjini Kisumu, ili mama mboga auze mpaka jioni bila kuhofia kulala mjini.