Dawa ya kung'arisha meno ikae dakika ngapi?

Binti mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alipanda meli kuja Mwanza siku mbili kabla ya sendofu yake, akamwambia daktari wa meno: "Nipake hata saa nzima, mradi nimalize leo." Namwelewa. Mtu wa Ukerewe analipa nauli na malazi, hawezi kurudi kliniki kila wiki kama mkazi wa Nyegezi, hapa Mwanza.

Kawaida hupakwa jeli ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 35 hivi, mara mbili au tatu, kila mara takriban dakika 15, ufizi ukiwa umekingwa. Wanaotetea muda mrefu wana hoja: rangi iliyojificha kwenye dentini, tabaka la ndani ya jino, haivunjiki papo hapo. Ukipunguza dakika kupita kiasi, mgonjwa atalazimika kurudi kutafuta weupe uleule.

Lakini dawa hiyo haisubiri juu ya jino. Ndani ya dakika chache huwa imepenya enameli, gamba gumu la nje, na kufika kwenye kiini, penye mishipa ya fahamu, na kila inapoongezwa nyingine, kiini hupokea zaidi. Meno ya mbele ya chini ni membamba, ndiyo huumia mapema. Nimemwona mtu jioni ya siku hiyo akinywa maji ya vuguvugu kwa mrija, mkono shavuni, akishtuka kila upepo wa ziwani ulipompiga mdomoni.

Tena kioo cha pale kitini hudanganya. Mdomo ukiachwa wazi saa nzima, meno hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Mate yakirudi, baada ya siku moja au mbili, sehemu ya weupe ule huondoka. Kwa hiyo dakika za nyongeza ambazo binti alizililia, kwa sehemu, zilikuwa za ukavu tu. Taa ya buluu ambayo humulikwa kwenye meno nayo, kwa jeli kali kama hii, haiongezi weupe wa kudumu. Na mwenye madoa ya kahawia ya floraidi hayatamtoka kwa kukalishwa kitini zaidi.

Mimi nasimama upande wa muda mfupi, na kwa mtu wa kisiwani, jeli ya nyumbani: kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, kwenye kalibu ya plastiki iliyochongwa kwa meno yake, usiku kwa wiki mbili hivi. Hung'arisha polepole, huuma kidogo, na mwishowe weupe unakaribiana. Binti yule angekuja mwezi mmoja kabla, angerudi Nansio na kalibu mkobani, na sendofu ingemkuta akinywa soda ya baridi.