Leza za petawati: ni hela ya kupoteza au?

Kuna hoja naisikia sana, kwamba hizi leza kubwa za Ulaya, za petawati (petawati moja ni wati milioni bilioni), ni mashindano ya wanafizikia tu, leza ya maana ni ile ndogo ya daktari wa macho. Mi naona ni kweli nusu.

Tuanze na hiyo ya macho. Pigo moja la mwanga linadumu femtosekunde mia kadhaa, na femtosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara milioni bilioni. Likitua ndani ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, linaacha kiputo kidogo, viputo vinajipanga safu moja, halafu daktari anafunua tabaka la juu la konea kama kifuniko. Pembeni hapaungui kwa sababu joto halipati muda wa kusambaa. Kitu kizuri sana aisee.

Sasa ilitoka wapi? 1985, chuo kikuu cha Rochester, Marekani, Donna Strickland akiwa bado mwanafunzi, na mwalimu wake Gérard Mourou, walikuwa wanatafuta nguvu tu. Shida ilikuwa pigo fupi ukilikuza linaharibu mtambo wenyewe, so wakalipitisha kwenye fayba (uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga) ya kilomita 1.4, mawimbi marefu yakatangulia mafupi yakabaki nyuma, pigo likarefuka makali yakashuka, wakalikuza bila kuunguza kitu, mwisho ndo wakalibana tena. Nobel wakapewa 2018. Yaani hao "wa mashindano" ndo waliofungua njia ya hiyo klinik.

Ila wanaolalamika nao wana pointi. Mtambo wa Măgurele, Romania, ulifika petawati 10 mwaka 2019, ukisikia unaogopa, lakini pigo zima ni kama jouli 240, hata maji ya kikombe kimoja hayawi vuguvugu, ukali wote uko kwenye ufupi wa muda. Na linapigwa mara moja kwa dakika! Mourou amekuwa akisema leza hizi zitapunguza makali ya taka za nyuklia, wengine wakaahidi mihimili ya protoni (chembe ndogo za ndani ya atomu) ya kutibu kansa, na mgonjwa huwezi kumtibu kwa pigo moja kila dakika.

Kwa hiyo sisemi wafunge, nasema hela ifuate spidi. Jamhuri ya Czech kuna leza iliyojengwa na maabara ya Livermore ya Marekani, imesanifiwa kufika petawati 1 tu lakini mara 10 kila sekunde, mi hiyo ndo ningeanza nayo.