Orodha ya Misumari Iandikwe Uani kwa Bibi

Mwezi wa 8 kikundi chetu cha hapa Mbagala kitarudi Mkuranga kukarabati nyumba za wazee. Wiki nzima tunajadili fulana: rangi gani, maandishi yakae kifuani au mgongoni. Nimewaambia wenzangu na hapa narudia: fulana zisubiri, kwanza mtu aende akapime.

Mwaka jana tulibeba bati mpya, ndoo za rangi na vijana 20 wenye ari. Kwa bibi mmoja, fundi wa pale kijijini alipanda juu akagonga kenchi kwa nyundo, unga ukamwagika. Mchwa walikuwa wamezimaliza mbao zote. Bati tulikuwa nazo, pa kuzipigilia hapakuwapo. Bibi alikuwa amehamishia vyombo vyake kwa jirani tangu alfajiri. Jioni tulimwacha na paa lake lilelile, bati mpya zimeegemezwa kwenye mwembe. Alitushukuru sana. Shukrani ile inaniuma hadi leo.

Sisi wa mjini tukisikia paa linavuja tunawaza bati tu. Fundi anayezijua nyumba za udongo anaanzia chini: nguzo zimeliwa kiasi gani, ukuta umemomonyoka wapi kwa maji yanayoruka kutoka ardhini. Pengine dawa ni kurefusha paa litoke nje zaidi ya ukuta, kisha kukandika upya. Pengine bati ni nzima, ila misumari ilipigiliwa bondeni maji yanakopita, badala ya kwenye mgongo. Na kama bati lazima zinunuliwe, tusikimbilie geji 32 kwa kuwa ni rahisi. Ndiyo nyembamba kuliko 30 na 28, na pwani kutu haina subira. Afadhali nyumba mbili zilizokamilika kuliko nne za kupigia picha. Hayo yote huwezi kuyaona ukiwa Dar, hata ukitumiwa picha kwa simu.

Mwezi wa 8 wenyewe niliupigania. Masika yanakuwa yamepita, udongo unakauka vizuri ukutani. Tukichelewa hadi mwezi wa 10, watu wako kwenye korosho na vuli inabisha hodi.

Halafu kuna suala la fundi wa kijiji. Wapo wenzangu wanaouliza: sisi tunajitolea, yeye alipwe kwa nini? Alipwe, tena kabla ya kununua rangi. Sisi siku ile tumeaga kazini na nyumbani tumeacha unga. Yeye akitufuata bure amepoteza kibarua chake. Na masika ijayo paa likianza kudondosha usiku, bibi hatapiga simu Mbagala, atamwita yeye. Vivyo hivyo kina mama wa pale tusiwabebeshe mzigo wa kulisha vijana 20. Mchele na mafuta tuende navyo.

Jumamosi hii natangulia na fundi mmoja wa Rangi Tatu, hapahapa Mbagala. Tunabeba futikamba, daftari na nyundo. Tutapita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha tukae na fundi wa kule, yeye ataje, mimi niandike.

Bibi nimeongea naye kwa simu ya mjukuu wake. Aliniuliza, "Mwanangu, nihamishe vyombo?" Nimemwomba asihamishe kwanza.