Kwani Wewe Si Unapenda Mpira?

Swali hilo niliulizwa wiki iliyopita na mtu mzima mwenye cheo na ofisi, kwa sauti ya upole kabisa, baada ya mimi kumkumbusha malipo ya video ya dakika tatu niliyoihariri kwa siku nne mfululizo. Taasisi yake sitaitaja. Aliuliza kana kwamba amenishika ugoni: ikiwa utotoni nililala na mpira kitandani, na ikiwa nimewahi kulisimulia jambo hilo hadharani kwa fahari, basi kudai ujira leo ni sawa na kumdai mama nauli ya kwenda kumsalimia. Sikuweza kumjibu papo hapo, na kwa kuwa majibu mazuri humjia mtu akishafika nyumbani, ninamjibu hapa.

Ni kweli nilipenda, tena kupita kiasi. Nilikuwa nikizima sauti ya televisheni ili niitangaze mechi mwenyewe, hadi ndugu zangu wakanipiga marufuku kukaa sebuleni siku za fainali. Na kurasa za mwisho za daftari langu la hisabati zilijaa jezi nilizozichora na kuzipa namba mgongoni, jambo ambalo mwalimu hakukubali kamwe kuwa ni hisabati. Lakini ndani ya upuuzi ule mlikuwa na mafunzo. Nilijua, kabla sijajua kuandika insha, kwamba mtangazaji hushusha sauti ili apate mahali pa kuipandishia, na kwamba zile sekunde chache ambapo mpigaji wa penalti anauweka mpira chini, anainuka na kurudi nyuma bila kumtazama kipa, zina hadithi kubwa kuliko mpira wenyewe ukitikisa wavu. Miaka ile ndiyo mtaji wangu, na mtaji haugeuki sadaka kwa sababu tu mwenye nao aliuchuma huku akicheka.

Wanaotuhubiria tufuate mioyo yetu hupenda kumtolea mfano Neil Leifer, kijana wa New York aliyekuwa akisukuma viti vya magurudumu vya askari wastaafu wenye ulemavu ili aingie uwanjani bure na kusimama karibu na mstari akiwa na kamera yake. Ndivyo alivyompiga picha mchezaji Alan Ameche akifunga pointi za ushindi katika fainali ya NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, ya tarehe 28 Desemba 1958, siku ambayo yeye Leifer alitimiza miaka 16. Hadithi inapofika hapo wahubiri hufunga kitabu. Hawasemi kwamba kijana yule aliziuza picha zake, na kwamba majarida yalimlipa akiwa bado hajafikisha miaka 20.

Nao wanaitazama vibaya hata ile picha yake maarufu zaidi, ya tarehe 25 Mei 1965 mjini Lewiston, Marekani, ambapo bondia Muhammad Ali amesimama juu ya mpinzani wake Sonny Liston aliyelala chali. Itazameni tena: katikati ya miguu ya Ali anaonekana mpiga picha mwingine, Herb Scharfman, mkongwe wa kazi ile, ambaye usiku ule aliambulia mgongo wa Ali. Sidhani kama Scharfman aliipenda ndondi kidogo kuliko Leifer. Kuketi upande ule wa ulingo kulikuwa bahati ya Leifer, sawa. Lakini taa za mweko zilizoning'inizwa juu ya ulingo zilihitaji muda wa kujaa umeme kila baada ya picha, kwa hiyo Leifer hakuweza kufyatua ovyo akitarajia moja itoke. Alipaswa kujua ni lini. Kujua huko hutokana na miaka ya kutazama, na ndicho kitu ambacho bwana mwenye ofisi anakitaka kwangu bila kukilipia.

Shabiki hupiga kelele kwa alichokiona, ilhali sisi tunalipwa, tukilipwa, kumwonyesha mtu ambaye hakuona. BBC walipotangaza mechi ya Arsenal na Sheffield United redioni mwezi Januari 1927, walichapisha kwanza gazetini ramani ya uwanja uliogawanywa kwa miraba yenye namba, na sauti ya pili ikawa inaitaja namba ya mraba ulipo mpira. Kwa mapenzi peke yake, nani angeubuni mpango wa namna hiyo?

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba nami nilifanya kazi za bure mwanzoni, na kwamba baadhi zilinifunza. Nakiri pia kwamba bila mapenzi hakuna anayeweza kukaa usiku wa manane akiyapa majina mafaili mia mbili ya video. Lakini ahadi ya kwamba "jina lako litaonekana" nimeisikia mara nyingi mno. Mchumia juani hulia kivulini, ila aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuambiwa kwamba jua lenyewe ndilo malipo.

Katika fainali moja nilipangiwa kumrekodi kocha peke yake. Dakika za mwisho uwanja ulilipuka nyuma yangu, na kila mfupa wa yule mtoto wa sebuleni ulitaka kugeuka. Sikugeuka. Nilibaki na uso wa kocha, ambaye hakushangilia. Alifumba macho, akakunja karatasi aliyokuwa nayo mara mbili, akaitia mfukoni. Bao lile nililiona siku ya pili, kwenye kompyuta, kama mtu yeyote aliyekuwa safarini. Kwa hiyo ndiyo, mzee wangu, ninaupenda mpira, na nilipokuwa kazini kwa ajili ya watu kama wewe, niliupa mgongo.

Jana ameniandikia tena akiomba video ya pili. Nimemtumia ankara ya ile ya kwanza.