Herufi za Miraba na Tatizo la M

Anayepita Ngamiani, mjini Tanga, siku hizi atakuta, juu ya milango ya vinyozi, mafundi simu na mafundi umeme wa magari, aina moja ya herufi ikijirudia: nene, yenye pembe za mraba, isiyo na mviringo hata kwenye O, inayokumbusha maandishi ya kompyuta na michezo ya video ya miaka ya 1980. Vijana wanaobuni mabango kwa kompyuta wanaipenda sana. Wazee walioandika mabango ya Tanga kwa brashi wanaikataa, na kwa kuikataa kwao huambiwa kwamba wana kinyongo na mashine iliyowanyang'anya kazi. Shutuma hiyo, kwa maoni yangu, haiwatendei haki.

Vijana wana hoja zao, nazo si dhaifu. Mashine ya kukata stika hukata mstari ulionyooka bila taabu, na herufi nene hushika ubaoni kuliko ile nyembamba, ambayo ncha zake ndizo huanza kubanduka kwa jua na unyevu wa bahari. Hata madai kwamba herufi zenye pembe ni ugeni katika pwani yetu hayana mashiko: maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 1107, yana miimo, yaani mistari ya wima, iliyonyooka na pembe zilizokazwa, pamoja na mapambo yake yote. Wazee wanaoshikilia hoja ya ugeni wanajidhoofisha wenyewe, kwa kuwa wanayo hoja nyingine iliyo bora zaidi.

Hoja hiyo ni herufi M. Mwaka 1967 msanifu wa Kiholanzi, Wim Crouwel, alitoa alfabeti aliyoiita New Alphabet, akiikusudia kwa mashine za kupanga maandishi zilizotumia kioo cha aina ya televisheni za zamani, ambazo zilishindwa kuchora mviringo safi. Mistari yake karibu yote ikawa ya wima au ya mlalo, na kila herufi ikapewa upana uleule. M haikuenea katika upana huo. Crouwel akachukua umbo la n, akalipigia mstari chini, likawa m. W nayo akaipata kwa mstari wa namna hiyohiyo. Mwenyewe aliichukulia kazi hiyo kuwa pendekezo la kujadiliwa, wala hakutarajia watu waisome kila siku. Fonti nyingi za miraba zinazopatikana leo zimerithi tatizo lile bila kurithi tahadhari yake.

Mzee mmoja wa brashi alinionyesha jambo hili kwa chaki, sakafuni, kwa muda usiozidi dakika tano. Alichora N yenye miimo miwili, kila mmoja unene wa miraba miwili, na nafasi ya mraba mmoja katikati: jumla miraba mitano. Kisha akachora M kwa unene uleule. M ina miimo mitatu na nafasi mbili, kwa hiyo inataka miraba minane. Ukiilazimisha iingie katika mitano, ama uikondeshe miimo yake, ionekane mgonjwa kati ya wenzake, ama uzibe nafasi zake, igeuke kuwa bonge jeusi. W ni M iliyopinduliwa, na hesabu yake ni ileile.

Katika lugha nyingine hasara hiyo huenda ikavumilika. Kwetu sisi M ni kiambishi cha mtu na cha mti, na pamoja na W ndiyo inayofungua mwalimu, mwezi, mwanafunzi na mwembe. Katika neno MWAMBAO, herufi tatu kati ya saba ni M au W. Katika MWANAMWALI ni nne kati ya kumi. Barabara ya kumi na mbili lipo bango lililoandikwa UMEME WA MAGARI, herufi kumi na tatu, nne kati ya hizo zikiwa katika kundi hilo. Nililisoma vizuri nikiwa mlangoni. Nilipovuka barabara, M zote tatu zilikuwa zimeziba, na neno la kwanza nilibaki kulikisia kwa U yake na E zake mbili.

Alama ya ng' nayo huumia, kwa maana katika fonti yenye upana mmoja kile kijialama hupewa nafasi ya herufi nzima, na TUNANG'ARISHA hukatika katikati kana kwamba ni maneno mawili. Wapo wanaoiondoa kabisa, nalo hilo ni kosa la tahajia.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuitupa fonti yenyewe. Ninachokiona ni kwamba ilichorwa kwa maneno ya watu wengine, na anayeitumia Tanga anapaswa kuichora upya M, W na ile alama ya ng'. Programu za leo hazilazimishi tena herufi ziwe na upana mmoja. Lile bango la umeme wa magari, M na W zake zikiongezewa miraba mitatu kila moja, litarefuka kwa miraba kumi na miwili, ambayo ni upana wa herufi mbili pamoja na nafasi zake. Nafasi hiyo ipo: kwa sasa inakaliwa na michoro miwili ya radi, mmoja kila upande.